Wa Kumdaka Anayeruka

Mjukuu wangu, aliye kidato cha pili, anapenda mieleka kuliko chakula. Likizo iliyopita alikuja kukaa nasi, na kila jioni, bibi yake alipokwisha kuondoa vyombo, aliniita nikae karibu naye tutazame mieleka ya Meksiko kwenye simu yake. Nilikubali kwa ajili ya kumridhisha tu. Kwa mtu aliyeshika chaki miaka thelathini na tisa, watu wazima waliovaa vinyago na suruali za kubana wakirushana ulingoni ni mambo ya kuchekesha. Nilijua pia kwamba mshindi hupangwa kabla.

"Babu, najua imepangwa," mjukuu alinijibu nilipomwambia. "Wewe tazama tu."

Basi nikatazama. Naomba msomaji anivumilie, kwani shindano nililooneshwa lilinirudisha kwenye jambo nililokuwa nimelizika kwa miaka mingi.

Shindano lenyewe huitwa Torneo Gran Alternativa. Lilianza mwaka 1994, na tangu hapo limekuwa likifanyika karibu kila mwaka. Wenyewe ni chama cha mieleka kilichoanzishwa mwaka 1933 na Salvador Lutteroth, ambacho leo hujulikana kwa herufi CMLL, na ndicho kikongwe kuliko vyama vyote vya mieleka ya namna hiyo duniani vinavyoendelea na kazi. Nyumba yao ni Arena México, jengo lililofunguliwa mwaka 1956 katika mtaa wa Doctores, Mexico City, lenye nafasi ya watu wapatao 16,500. Usiku wa Ijumaa ndio usiku wao mkubwa.

Wachezaji huingia wawili wawili, nao hawachaguani kwa urafiki. Kila jozi ina mkongwe mmoja na mwanagenzi mmoja. Mkongwe ni mtu ambaye jina lake watazamaji wanalijua, na mwanagenzi ni kijana ambaye hadi siku hiyo amekuwa akicheza mapambano ya mwanzo, wakati watu bado wanatafuta viti vyao. Jozi inayoshindwa hutoka, inayoshinda huendelea, mpaka zibaki mbili. Kijana atakayeshinda fainali huhesabiwa kuwa ameoneshwa mlango.

Hata jina la shindano lina asili yake. Limetoka katika mchezo wa mafahali wa Kihispania, ambao si kama ule wa wenzetu wa Pemba, kwa kuwa huko fahali huuawa. Kijana anayejifunza mchezo huo hawi bingwa kamili mpaka siku ambayo bingwa mkubwa, anayeitwa baba yake wa ubatizo, anamkabidhi upanga na kitambaa chekundu mbele ya shahidi. Sherehe hiyo ndiyo alternativa. Wanamieleka wakaliazima neno, na wakaliazima vizuri.

Nilipoyasikia hayo nilikaa sawasawa kwenye kiti. Sisi tuliosomea ualimu tulikuwa na alternativa yetu, ila tuliiita mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo hupelekwa shule ya msingi akiwa na andalio lake la somo, hupewa darasa, na nyuma ya darasa huketi mwalimu mzoefu mwenye karatasi ya alama magotini.

Jioni ya pili nikaanza kuona yale ambayo jioni ya kwanza sikuyaona. Kijana mmoja alikimbia, akapita juu ya kamba na kujirusha nje ya ulingo, kichwa mbele, kwenda chini kwenye sakafu. Watu wakapiga kelele. Nilimwambia mjukuu arudishe nyuma, tena na tena. Safari hii sikumtazama kijana, nilimtazama mtu aliyekuwa chini. Alikuwa mkongwe wa upande wa pili, yaani adui yake. Alisimama pale pale kama mtu aliyepigwa bumbuwazi, lakini mikono yake ilikuwa imefunguka na kifua kimeelekezwa juu. Alimpokea yule kijana kwa mwili wake wote, wakaanguka pamoja, na yeye ndiye aliyetangulia chini.

Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Nani atashinda kunaweza kupangwa, lakini uzito wa mtu anayeanguka haupangwi. Kijana anajirusha kwa sababu anaamini chini kuna mtu. Makofi ni yake aliyeruka. Aliyemdaka huinuka akijishika mbavu, na wengi ukumbini wanadhani ameshindwa.

Mjukuu akanieleza habari moja ya shindano hilo ambayo sijaisahau. Mwaka 2004 alishinda mwanagenzi mmoja mwenye kinyago, jina lake la ulingoni Místico. Mkongwe wake alikuwa El Hijo del Santo, mwana wa yule El Santo wa kinyago cha fedha, mwanamieleka mashuhuri kuliko wote nchini Meksiko, aliyefariki mwaka 1984. Baada ya hapo Místico akawa kipenzi cha ukumbi ule. Mwaka 2007 akarudi katika shindano lile lile, safari hii akiwa upande wa wakongwe, na kando yake kijana ambaye hakuwa na zaidi ya miaka 18, aliyeitwa La Sombra. Wakashinda. Katika miaka mitatu, aliyepokewa alikuwa amekuwa mwenye kupokea.

Habari hiyo ilinikosesha usingizi, na sasa nieleze sababu.

Mwaka 1971 nilikuwa mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Nilipewa darasa la sita, somo la hesabu, kujumlisha sehemu. Nyuma aliketi mzee mmoja, mwalimu wa zamani, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mikono ikinitetemeka, niliandika ubaoni kwamba 1/2 ukijumlisha na 1/3 unapata 2/5. Nikageuka. Watoto wananitazama, na wawili watatu wameanza kunong'onezana. Nikaliona kosa langu na ulimi ukanikauka. Hapo yule mzee akasimama taratibu, akasema kwa furaha kabisa, "Watoto, mwalimu amewatega. Nani ameuona mtego?"

Mikono ikanyooshwa darasa zima. Msichana mmoja akaja ubaoni akaandika 5/6, tukampigia makofi, na somo likaendelea. Baadaye, nje ya darasa, mzee hakunikemea. Aliniambia tu nilale mapema. Nilikuwa mwalimu kwa sababu ya dakika ile moja.

Mwaka 1989 nilikuwa mwalimu mkuu. Shule yangu ilikuwa ikifaulisha vizuri, wakaguzi wakinisifu hadharani, na wahenga walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakaletwa wanachuo, na mmoja wao, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, akafundisha jiografia darasa la tano nami nikiwa nyuma na karatasi yangu. Akawaambia watoto kwamba dunia huchukua siku 365 kujizungusha kwenye mhimili wake. Watoto wangu walikuwa hodari, wakacheka. Kijana akasimama, chaki mkononi, akanitazama mimi.

Alinitazama mimi. Hilo ndilo nililolikumbuka kwenye kochi, mbele ya simu ya mjukuu.

Niliinuka, nikaenda mbele, nikaichukua ile chaki kutoka kwenye vidole vyake, nikamwambia, "Kaa hapo na wenzako, nawe ujifunze." Akaketi kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao wa juu. Nilifundisha vizuri sana siku ile. Watoto walifurahi, nami nilijiona nimelinda ubora wa shule.

Kijana alimaliza wiki zake bila kosa jingine. Chuoni hakurudi. Miaka mingi baadaye nilimkuta mjini akitengeneza baiskeli chini ya mwembe. Nilimfahamu baada yake kunifahamu. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu Mkuu," kwa adabu zote, akaziba pancha yangu, akakataa fedha. Nilimwambia ahsante. Kulikuwa na neno jingine la kusema, na mimi nikapanda baiskeli.

Simdharau fundi baiskeli, ni kazi ya halali na aliifanya kwa ustadi. Wala siwezi kuapa kwamba angekuwa mwalimu mwema, huenda asingeweza. Lakini kijana yule alikuwa amekwisha kuruka, yuko hewani, na mtu pekee aliyekuwa chini ni mimi. Nilidhani kwa kuwa nimeshika karatasi ya alama, mimi ni wa upande wa pili na kazi yangu ni kuhesabu makosa. Wanamieleka wa Meksiko, ambao niliwaona wachekeshaji, wanajua kwamba hata wa upande wa pili hudaka.

Kinachoniuma si kwamba sikujua la kufanya. Maneno nilikuwa nayo, nimepewa bure mwaka 1971, nikayabeba miaka kumi na minane, na siku yalipohitajika sikuyatoa. Dunia, siku 365, mhimili: yangetosha kabisa. Watoto, mwalimu amewatega. Nani ameuona mtego?

Mjukuu amerudi shule. Mimi nimewauliza watu wa mjini kama yule fundi bado yuko chini ya mwembe, wakaniambia yuko. Baiskeli yangu haina pancha. Jumamosi hii nitakwenda hivyo hivyo.