Swali Mbele ya Dawa

Wazee wetu walisema: mficha uchi hazai. Mara nyingi methali hiyo inatupiwa mgonjwa: aseme yote, asifiche kitu. Sisi tunaofundisha vijana kazi ya famasia hapa Bukavu tunaongeza swali: ni nani anayemfanya mgonjwa afiche?

Ukimwuliza mama kwa sauti ya hakimu, "Ulienda kwa mfumu?", atajibu hapana. Lakini umsalimie kwanza, umwulize habari ya nyumbani, kisha useme: "Mama, ku nyumba mulimupa mutoto nini mbele ya kukuya hapa?" Atakuambia: mubirizi, ao dawa ya kusafisha tumbo. Hilo ni jambo kubwa, maana mtoto aliyeharishwa sana amepoteza maji ya mwili, na pengine hiyo ndiyo hatari ya kwanza kuliko homa yenyewe.

Tunawakumbusha vijana pia kwamba mti na kidonge ni ndugu. Kwinini inatoka katika ganda la mti, na mti huo wa Amerika ya Kusini ulipandwa hapa kwetu Kivu wakati wa Wabelgiji. Tena mkutano wa Alma-Ata, mwaka 1978, uliwapa waganga wa kienyeji nafasi yao katika afya ya msingi. Kwa hiyo kuchekelea majani si elimu. Lakini kusifu kila jani nako hakulindi mila: kuna miti inayoharibu ini na figo, na wazee wenyewe walijali kipimo.

Tuchukue kifua kikuu. Mtu anakohoa, anakonda, na jirani wanasema ni karuho, ametiliwa sumu. Anapelekwa kutapishwa, wiki zinapita. Akifika mwishowe hospitali, mara nyingi anapewa dawa za miezi 6. Moja kati yazo, rifampisini, inageuza mkojo uwe wa rangi ya machungwa ao mwekundu. Asipoambiwa mapema, ataona ni damu, ataamini sumu imerudi, na ataacha dawa. Ndiyo sababu tunamweleza mbele ya yule anayeamua nyumbani kwake, akikubali mwenyewe: baba mdogo, mama mkwe ao yaya.

Hata saa ni mila. Karatasi ya Kifaransa inaandika 8h, lakini kwetu ni saa mbili ya asubuhi. Kijana akisema "saa nane", mgonjwa atameza mchana. Na kusema "kila unapokula" hakumfai mtu anayekula mara moja kwa siku.

Mwishoni, kijana hampimi mzee kama mwanafunzi. Anamwomba kwa heshima: "Muzee, unielezee vile utakunywa hii dawa, nijue kama nimesema muzuri." Hapo mzee hapati haya, na kosa likionekana, ni la aliyeeleza. Kwa njia hiyo mgonjwa anaanza kusema, na aliyesema yote ndiye tunayeweza kumsaidia.