Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya kuomba unga, si ya kusomea sheria

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Wewe uliingia aje law na ulitoka Gatina?" Leo nimekaa chini nijibu mara moja, na nitasema hata zile sehemu za aibu.

Kwanza, wacha kufuata kila video. Kuna dem wa Chicago anakuambia ununue kitabu cha LSAT na utafute maprofesa wawili wakuandikie barua. Yuko sawa, lakini anaongea na watu wa Marekani, mahali unasomea sheria ukiwa tayari na digrii nyingine. Hapa Kenya LLB ni digrii ya kwanza, miaka minne, na unaweza kuianza ukitoka tu sekondari. Maana yake ni kwamba application yako haianzi siku ile unafungua portal ya KUCCPS. Inaanza Form Two, Form Three, ukiwa umelala kwa dawati wakati wa somo la Kiswahili.

Masharti ya kawaida ni haya: wastani wa C+ kwenda juu kwa KCSE, na B plain ya English au Kiswahili. Rudia kusoma hilo neno "au". Mimi ndilo liliniokoa.

Nilipata wastani wa B. English ilikuja C+, na nilikuwa nimejiona mkali wa English kwa sababu natazama series bila subtitles. Kiswahili ikaja B plain. Ingeshuka gredi moja tu, saa hii ningekuwa naandika post tofauti kabisa.

Deskmate wangu alikuwa na B+. Alinishinda Maths, Chem, karibu kila kitu. Lakini English alipata B- na Kiswahili akapata B-. Tulikuwa tumeambiana tangu Form One tutafungua ofisi moja, jina lake lianze kwa sababu yeye ndiye mwerevu. Siku ya kuchagua kozi tukakaa saiba moja hapo karibu na stage ya 46, mimi LLB inakubali, yeye inakataa. Akajaribu tena. Ikakataa. Hakusema kitu, alisukuma tu keyboard akatoka nje. Anasoma kozi nyingine sasa na anaendelea poa, lakini mpaka leo kitu kinaniuma ni kwamba hakuna mtu alituambia hii maneno mapema. Tuliijua mlango ukiwa umeshafungwa.

Sisi watu wa Kawangware tuna dharau fulani na Kiswahili. Tunadhani ni chetu, tunakiongea tangu asubuhi, kwa nini tukisome? Halafu karatasi ya kwanza ni insha, alama 40. Ya pili ni lugha, alama 80. Ya tatu ni fasihi, alama 80. Sheng haiko hapo. Mimi niliokolewa na fasihi, kwa sababu nilisoma vitabu vyenyewe, sikukariri mwongozo.

Kitu cha pili: jifunze hesabu ya klasta. KUCCPS hawaangalii wastani wako pekee. Wanachukua masomo manne yanayohusiana na kozi, wanapata points juu ya 48, halafu mnapangwa kulingana na hiyo. Mimi nilikuwa nataka Parklands, ile kampasi ya sheria ya University of Nairobi, kwa sababu ningeweza kulala nyumbani. Points zangu zikiangaliwa na za walioingia mwaka uliotangulia, hiyo ilikuwa ndoto ya mchana. Niliiweka hapo juu, sawa, lakini chini yake nikaweka vyuo nilivyoweza kufikia. Nikaitwa chaguo la tatu, mbali na Nairobi. Ningejaza majina makubwa tu, ama nimwachie msee wa saiba anichagulie, ningebaki na kozi sijui ya nini.

Sasa tuongee kuhusu pesa, kwa sababu hapo ndipo barua inaingia.

HELB peke yake haingetosha, kwa hivyo niliomba ufadhili mahali. Walitaka barua ya ukurasa mmoja: kwa nini sheria, kwa nini wewe. Nikaandika vile nimeona watu wakiandika. Nilizaliwa kwa mabati. Choo ni kimoja, plot nzima. Tunalala njaa. Ile ya njaa ilikuwa uongo. Mathe anauza mboga. Sukuma haijawahi kukosa kwetu, hata ile imeanza kuwa ya manjano.

Nikampelekea mama mmoja wa plot yetu aisome. Yeye ni paralegal wa mtaa, wale wamefunzwa sheria kidogo wasaidie majirani. Alisoma akiwa kwa foleni ya maji, jerikeni katikati ya miguu. Akanirudishia. "Msichana wangu, hii ni barua ya kuomba unga. Wakili yuko wapi hapa ndani?"

Nilikasirika. Nilienda nikalala. Halafu nikakumbuka kufuli.

Nikiwa Form Three nilitoka shule nikapata mwenye nyumba ametufungia na kufuli yake. Tulikuwa na deni la mwezi mmoja na nusu. Kodi ilikuwa 2,400. Vitabu vyangu vilikuwa ndani, mathe alikuwa ameketi nje na mboga zake kama mgeni. Huyu mama wa foleni ya maji ndiye alikuja. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: "Mko na amri ya kumtoa?" Akawaeleza kwamba kuna sheria inalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi haipiti 2,500, na kwamba huwezi kumfukuza mtu hivyo bila amri. Akaandika karatasi moja kwa mkono, akasoma kwa sauti, akawapa. Kufuli ikatoka kabla ya giza.

Deni tulilipa, pole pole, mpaka likaisha. Sheria haikulifuta. Lakini siku hiyo nililala ndani na nikafanya homework.

Hiyo ndiyo niliandika. Na kwa sababu hadithi moja haitoshi, nilitembea mpaka Kibera Law Courts siku tatu, nikakaa nyuma nikasikiliza. Katiba, kifungu cha 50, inasema kesi ya jinai isikilizwe hadharani, kwa hivyo hauhitaji kujuana na mtu. Ingia, kaa, zima simu. Nilimwona mzee akiuliza bondi na dhamana ya pesa taslimu zina tofauti gani. Mimi pia sikuwa najua. Nilienda kutafuta jibu, na hilo jibu likaingia kwa aya ya pili ya barua yangu.

Niliitwa intavyu. Hakuna aliyeuliza kuhusu choo. Waliuliza: kama wewe ungekuwa wakili wa mwenye nyumba, ungemwambia nini? Nilinyamaza kidogo, halafu nikasema ningemwambia kodi ni haki yake, lakini njia ya kuidai si kufuli. Walinipa nusu ya karo. Nusu ingine tunapambana nayo, mimi, HELB na mathe.

Msimamo wangu ni huu. Gatina si sifa ya kuingia law, na si aibu pia. Ukiandika umaskini wako peke yake, msomaji atakuhurumia, afungue barua inayofuata. Andika kitu uliona kikitendeka, nani alisema nini, na ukaenda kutafuta nini baadaye. Na usidanganye. Watakuuliza.

Pia jua safari ni ndefu. Baada ya LLB kuna Kenya School of Law kule Karen, miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili, na mitihani ya Council of Legal Education. Kama umepitia diploma au gredi zako ni za chini, uliza mapema, kwa maandishi, kabla ya kulipa karo. Watu wamepelekana mahakamani miaka mingi juu ya nani anakubaliwa Karen. Usikuwe kesi inayofuata.

KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Kwa hivyo kuna dogo wa plot yenu ana muda kidogo sana umebaki, na labda saa hii anaruka fasihi. Mtumie hii. Mwambie kuhusu ile "au". Deskmate wangu hakuambiwa.