Sange: Gitaa la nyuzi tano na kijana aliyetafuta sauti ya kaka yake

SANGE, bonde la Ruzizi. Kando ya barabara ya kitaifa namba 5, ile inayotoka Bukavu kupitia Kamanyola na Luvungi mpaka Uvira, kuna kibanda cha mabati cha fundi cherehani. Asubuhi mashine inalia. Jioni jua linapopungua makali, cherehani inanyamaza na gitaa linaanza. Wapita njia wamelizoea. Akina mama wanaorudi na muhogo kichwani husimama kidogo, husikiliza, kisha huenda zao.

Anayepiga ni kijana wa miaka kumi na tisa. Alifika Sange pamoja na mama yake na wadogo zake wawili wa kike, wakishuka kutoka milimani kama jamaa nyingi zilizohama makwao. Familia moja iliwapokea na kuwapa chumba kimoja. Katika vitu walivyobeba kulikuwa na sufuria, godoro lililofungwa kwa kamba, na gitaa la kaka yake mkubwa.

Kaka huyo hakufika. Homa ilimshika njiani, na hapakuwa na kituo cha afya karibu. Walimzika kwenye kijiji ambacho hawakuwa na ndugu hata mmoja, kisha wakaendelea na safari.

Kule nyumbani wale ndugu wawili walikuwa wakipiga katika kwaya ya kanisa. Mkubwa alishika solo, mdogo akompanyema. Si jambo geni katika nchi yetu. Docteur Nico Kasanda, ambaye solo yake inasikika katika orkestra African Jazz ya Joseph Kabasele, alikuwa na ndugu yake Dechaud akimshikia akodi nyuma. Wote wawili walikwenda Brussels mwaka 1960, wakati wa mazungumzo ya uhuru. Mwenye solo ndiye watu humtaja, lakini bila yule wa nyuma hana pa kukanyaga. Kijana wa Sange alikuwa yule wa nyuma. Alijua do, fa na sol, alijua mapigo, na hakuwahi kuona haja ya kujua zaidi, kwa sababu mwenye solo alikuwepo.

Kisha mama yake akasema neno. Siku ya kumaliza kilio ilikuwa inakaribia. Ndugu wachache waliotawanyika kati ya Luberizi, Kiliba na Uvira wangekuja. Mama aliomba wimbo mmoja tu, ule wa kwaya ambao marehemu alikuwa akiweka solo kati ya ubeti wa mwisho na kiitikio. "Upige na ile sehemu yake," alisema. Kijana aliitika, "Ndiyo, Mama." Usiku ule hakulala vizuri.

Alijaribu peke yake siku nyingi. Alikuwa amefundishwa ngazi ya noti, do re mi fa sol la si, kupanda na kushuka. Akawa anapanda na kushuka, haraka na haraka zaidi. Vidole vilitembea lakini wimbo haukusikika. Mdogo wake wa miaka minane alimwambia waziwazi kwamba inafanana na mtu anayekimbia ngazi bila kujua anakwenda chumba gani.

Fundi cherehani alikuwa anasikia yote hayo kupitia ukuta wa mabati. Mzee huyu zamani alipiga mi-solo katika orkestra ya baa huko Uvira. Jioni moja aliweka mkasi chini, akamwita.

"Mwanangu, unajua akodi ya do?"

"Ndiyo, Papa."

"Ishike. Sasa usiipige yote pamoja. Nipe noti moja moja."

Kijana akashika. Uzi wa tano, nafasi ya tatu: do. Uzi wa nne, nafasi ya pili: mi. Uzi wa tatu ukiwa wazi: sol. Uzi wa pili, nafasi ya kwanza: do tena.

"Hiyo ndiyo arpeji," mzee alisema. "Ni akodi ile ile, lakini watu wanapita mlangoni mmoja mmoja. Umeishika tangu utotoni. Kitu ulichokosa ni kuifungua."

Hapo ndipo somo lilipoanza, na linafaa kusimuliwa pole pole, kwa sababu wako vijana wengi wenye gitaa na wasio na mwalimu.

Ngazi ya noti inakupa sauti saba ambazo hazikosei sana. Lakini gitaa la nyuma linapobadilisha akodi, kutoka do kwenda fa, sauti zilizo nyumbani hubadilika pia. Kwenye do, wenye nyumba ni do, mi na sol. Kwenye fa ni fa, la na do. Kwenye sol ni sol, si na re. Mpiga solo anayejua hilo huweka noti ya mwenye nyumba wakati akodi inaingia. Msikilizaji, hata kama hajui jina la noti yoyote, husikia kwamba solo na wimbo vinasema jambo moja. Asiyejua hilo hupita juu ya akodi zote kana kwamba ni barabara moja tambarare.

Wapigaji wa jazi wa Marekani na Ulaya huanza kujifunza hivyo hivyo. Django Reinhardt aliungua mkono wa kushoto katika moto wa mwaka 1928, akabaki na vidole viwili vyenye nguvu. Kwa vidole hivyo alipiga solo zinazofuata akodi moja moja, arpeji juu ya arpeji, mpaka leo wanafunzi wanazichambua. Kwetu neno jazi liliingia kwenye majina ya orkestra kabla ya uhuru: African Jazz, kisha OK Jazz iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1956, ambamo Franco Luambo alipata jina. Muziki wenyewe ulikuwa rumba, ile ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021. Lakini ukisikiliza sebene kwa makini, gitaa la mi-solo linafanya nini? Linafungua akodi noti moja moja, linazunguka, linarudi. Na kabla ya magitaa ya umeme, kule Katanga, Jean Bosco Mwenda alikuwa akipiga kwa vidole na kuimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Kidole gumba chake kilishika besi, na juu yake akodi zikafunguliwa. Kwa hiyo mtoto wa Kongo anayejifunza arpeji haendi kuazima mali ya watu.

Mzee hakumruhusu kupiga haraka. Wiki ya kwanza ilikuwa do na fa tu. Kwanza aimbe noti kwa mdomo, kisha azitafute kwenye gitaa. Akishindwa kuimba, haruhusiwi kugusa uzi. Simu ya mzee, yenye kioo kilichopasuka, ilitumika kurekodi akodi mbili zikizunguka kwa dakika tano. Kijana alipiga juu yake. Chaji ya simu ililipiwa kwa kushona vifungo.

Wiki ya pili ilikuja sol, na ikaja shida. Kijana alianza kila akodi kutoka noti yake ya kwanza. Do, mi, sol, halafu anaruka: fa, la, do, halafu anaruka tena. Mzee alicheka. "Wewe unafanana na mtu ambaye kila akitaka kwenda kwa jirani, lazima kwanza arudi barabarani. Tafuta mlango wa karibu."

Mlango wa karibu ni huu: ukimaliza kwenye mi, fa iko hatua moja ndogo juu yake. Ukimaliza kwenye sol, la iko karibu. Na do haihami kabisa, kwa sababu iko ndani ya do na ndani ya fa pia. Kijana alianza kutafuta milango hiyo. Solo ikaacha kuruka, ikaanza kutembea.

Wiki ya tatu ilikuwa ya mwisho wa wimbo. Pale kwaya inaposhuka, akodi haziendi tena do, fa, sol. Zinakwenda re ya huzuni, ile inayoitwa re minori, kisha sol, kisha do. Wanajazi wanaipenda sana njia hiyo na wanaifanyia mazoezi maisha yao yote. Mzee alimwongezea noti moja juu ya kila akodi. Re minori ikawa re, fa, la, do. Sol ikawa sol, si, re, fa. Kisha akamwonyesha siri yake: ile do ya juu ya re minori inashuka kidogo na kuwa si, nayo si ni mwenye nyumba katika sol. Ile fa ya juu ya sol inashuka kidogo na kuwa mi, nayo mi ni mwenye nyumba katika do. Do kwenda si, fa kwenda mi. Hatua ndogo mbili, na wimbo umefika nyumbani.

Kijana alipopiga fa kwenda mi kwa mara ya kwanza, alisimamisha mkono. Aliitambua. Ndivyo kaka yake alivyokuwa akimalizia, juu kabisa, kwenye uzi mwembamba. Alikuwa ameisikia mara mia akiwa nyuma, mkono wake ukishika sol na do, na hakuwahi kujua ni nini. Mzee alirudi kwenye cherehani yake, akajifanya anatafuta uzi.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Ule uzi mwembamba ulikuwa umekatika zamani. Kama wengi wanavyofanya huku kwetu, walifungua waya wa breki, wakachomoa unywele mmoja wa chuma, wakaufunga mahali pake. Ulitoa sauti kali kidogo, lakini ulitoa sauti. Mzee hakuuamini. Alimlazimisha kijana atafute kila noti mahali pengine pia. "Fa iko wapi tena? Mi iko wapi tena?" Kijana alichoka na swali hilo.

Siku ya kumaliza kilio watu walikaa chini ya mwembe wa ile familia iliyowapokea. Kulikuwa na ugali, sombe na ndagala kutoka ziwani. Walikuwepo pia wenyeji wa Sange ambao hawakumjua marehemu. Sange inajua kukaa na wafiwa. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka hapa, watu zaidi ya 200 wakafa, wengine wakiwa wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Tangu wakati huo ni nyumba chache hapa ambazo hazijui kilio cha wengi ni nini.

Waimbaji walikuwa sita tu. Ubeti wa mwisho uliisha, kijana akaingia. Do, fa, do, sol, noti moja moja, bila haraka. Alipofika re minori alipanda juu kama kaka yake. Do ikashuka kuwa si. Akaweka kidole kwenye fa ya uzi mwembamba, na waya wa breki ukakatika.

Ilikuwa muda mfupi sana. Waliokaa karibu waliona mkono ukisita. Kisha mkono ukashuka uzi wa nne, nafasi ya tatu, fa ile ile lakini nzito, na ukateleza nafasi moja nyuma, kwenye mi. Kiitikio kikaingia. Wengi hawakujua kwamba kuna kilichoharibika. Mzee cherehani alijua. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Baadaye, watu walipoanza kuondoka kabla ya giza, kijana alimwendea mama yake na kumwomba msamaha kwa ajili ya uzi.

"Kaka yako alikuwa anamalizia juu," mama alisema.

"Ndiyo, Mama. Uzi umekatika."

"Nimesikia. Wewe umemalizia chini." Akanyamaza kidogo. "Ingiza gitaa ndani, umande utaliharibu."

Hakusema zaidi, na kijana hakuuliza. Ila asubuhi iliyofuata, mdogo wake alimkimbilia kwenye kibanda kumwambia kwamba Mama alikuwa anamenya muhogo huku akiimba kwa pua mwisho wa wimbo ule, na kwamba aliumalizia chini.

Sasa Jumamosi mchana kibanda cha cherehani kinapokea vijana wengine wanne. Wawili ni wenyeji wa Sange, wawili ni watoto wa jamaa zilizohama. Gitaa bado ni moja na nyuzi zake ni tano. Wanapokezana. Anayesubiri zamu haruhusiwi kukaa bure: anaimba do, mi, sol kwa mdomo mpaka gitaa limfikie. Kijana ndiye anayewasahihisha siku hizi, na wanasema swali lake limezidi kuchosha. Mi iko wapi tena?