Ami Kaniambia

Jamani, kila mtu na ulevi wake. Wangu mimi ni Wikipedia. Tuko watu watano tuliosoma pamoja chuo, na yeyote anayekutana na makala ya ajabu humo huwatupia wenzake. Simu ikilia saa sita za usiku ujue kuna aliyegundua kwamba mwaka 1932 jeshi la Australia lilipeleka bunduki za rashasha kupigana na emu, ndege wakubwa kama mbuni waliokuwa wakiharibu ngano. Ndege wakashinda! Mwingine atajibu kwa vita vya Waingereza na Zanzibar vya Agosti 27, 1896, vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia.

Siku moja nikawatupia popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye uso kama wa mbweha, ambaye akikunjua mbawa hupita mita moja na nusu. Duniani kote haishi pengine ila kisiwani kwetu. Jina lake la kisayansi, Pteropus voeltzkowi, linatokana na Mjerumani Alfred Voeltzkow. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa wamebaki wachache mno, maana misitu ilikatwa na popo wenyewe waliwindwa wakaliwa. Ikaanza kazi ya kuwalinda pamoja na wanavijiji, kama pale Kidike, na miaka ya 2000 wakahesabiwa kwa maelfu. Washikaji hoi! "Kumbe kwenu kuna vitu!"

Nilipovuka kwenda nyumbani Chake Chake, nikamsomea ami makala ile huku nikiifasiri toka Kiingereza. Alisikiliza kimya, kisha akacheka. "Hao tukiwala, mwanangu." Akanieleza walivyowavizia jioni kwenye miembe yenye maembe mabivu, walivyowapika, na miti ya makaburini ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Mengi ya hayo hayamo katika makala.

Nikataka kuyaongeza usiku uleule. Hapo nikakwama. Wikipedia haipokei "ami kaniambia". Inataka chanzo kilichochapishwa: kitabu, jarida, gazeti. Wageni waliopita kisiwani walichapisha, ami hakuchapisha. Nikaanza kukasirika, halafu nikakumbuka kazi inayonilisha ni ipi. Gazeti!

Basi siku hizi nikienda Pemba nakwenda na daftari. Umri wa ami umekwenda, akichoka tunaacha, kesho tunaendelea. Mengine anayasahau katikati ya sentensi, nami sina wa kumuuliza tena, rika lake wengi wametangulia. Habari ikishatoka gazetini, yeyote ataweza kuitaja kuwa chanzo.

Wale wenzangu wanne nimewapa kazi hiyohiyo kwa wazee wao. Emu tutawarudia baadaye. Na wewe msomaji, wa kwenu umeshamuuliza nini?

Naomba kutoa hoja.