Maji ya shimoni

Saa kumi na moja za alfajiri, giza lingali, baba mmoja mzaliwa wa Kamituga anapanda basi katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Basi linapanda mlima karibu kilomita 50 hadi Park City, mji ulio juu ya mita 2,000. Huko anasafisha vyumba vya hoteli na kutandika vitanda. Alikimbia vita vya Kivu ya Kusini, akakaa miaka mingi kambini, kisha akapelekwa Marekani pamoja na familia yake. Miezi ya kwanza alijua jambo moja tu kuhusu Park City: watu wanatoka mbali na kulipa pesa nyingi ili wateleze kwenye theluji.

Siku moja, akifungua pazia la chumba, aliona mlimani jengo refu la mbao na mabati yenye kutu. Mtu wa Kamituga haelezwi kitu kama hicho. Pale palikuwa na mgodi.

Akaanza kuulizauliza. Park City ulikua tangu miaka ya 1870 kwa sababu ya madini ya fedha. Tarehe 15 Julai 1902, mlipuko katika mgodi wa Daly West uliua wachimbaji 34. Mwaka wa 1904 chama cha wachimbaji kilijenga hospitali yao. Habari ya wale 34 ilimrudisha nyumbani, mwezi wa Septemba 2020, mvua kubwa ilipoangusha mashimo ya Kamituga na vijana makumi wakafukiwa. Alikuwa amezisikia habari hizo kwa simu, jina baada ya jina.

Baadaye bei ya madini ilishuka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 wachimbaji wengi walikuwa wamehama, na mjini walibaki watu elfu moja na kidogo. Kampuni ya mgodi ilikuwa bado na kitu kimoja: ardhi ya mlima. Ikapata mkopo wa serikali kuu, na Desemba 1963 ikafungua uwanja wa kuteleza. Kwa miaka michache, wageni walipandishwa treni ya wachimbaji, wakapita chini ya mlima karibu kilomita tano, kisha lifti ya mgodi ikawainua hadi juu. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka wa 1982. Leo wakati wa baridi ni theluji, wakati wa joto ni baiskeli na matembezi ya mlimani. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2002 ilifika hapo pia. Na kila Jumatatu ya kwanza ya Septemba mji unaadhimisha siku ya wachimbaji, watu wakishindana kutoboa mwamba.

Jambo lililomshangaza zaidi ni maji. Ile njia ya treni ilichimbwa ili kuondoa maji yaliyowasumbua wachimbaji. Leo maji hayohayo yanasafishwa, na mji unayanywa.

Lakini hakudanganyika. Udongo wa sehemu nyingine za mji una risasi na sumu nyingine za mgodi, hata ikabidi ufunikwe kwa udongo safi. Nyumba nyingi zinauzwa zaidi ya dola milioni moja. Wanaopika, wanaosafisha na wanaoendesha mabasi wengi wanalala mbali na kupanda mlima kila asubuhi kama yeye. Mji haukufa, ila aliyekuwa na ardhi ndiye aliyechagua utakavyoishi.

Juma hilohilo mdogo wake alimtumia ujumbe wa sauti kutoka Kamituga: "Kaka, shimo linatoa, lakini maji yamejaa. Tusaidie motopompe."

Alimjibu kwa kirefu, akamsimulia habari ya Park City. Mwishoni akauliza: "Siku shimo litakapoisha, mtabaki na nini? Ile ardhi ni ya nani?"

Mdogo wake alicheka. "Kaka, huku hakuna theluji. Na ardhi, unajua wewe mwenyewe. Wakubwa wana makaratasi, sisi tuna vitiyo." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Watoto watakula nini kesho?"

Hakuwa na jibu. Yeye pia alilelewa na dhahabu ya shimo. Kampuni kubwa ya wakati ule ilipofunga kazi, baba yake hakuachiwa hata kiwanja.

Siku ya mshahara alituma pesa ya motopompe. Akatuma nyingine kando, jina la mpokeaji likiwa la shemeji yake, anayetwanga mawe: hiyo ni ya shule, isiguswe na shimo. Kesho yake saa kumi na moja alikuwa tena kituoni, akingoja basi la kupanda mlima.