Kamba na kasia

Mama yangu, mtu wa Muleba, aliacha kupanda meli mwaka 1996. Tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikazama karibu na Mwanza. Mjomba alikuwamo. Kinachomtesa mama mpaka leo ni habari ya tundu. Meli ilikuwa imepinduka, watu wanasikika wakigonga kutoka ndani, waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, meli ikaenda chini. Basi kwetu ikawa sheria: Mwanza ni kwa basi, na mwenye hela apande ndege.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwa Bukoba mjini. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Kabla ya saa tatu asubuhi, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ikaingia ziwani, jirani kabisa na uwanja. Kwa asiyepajua, uwanja wetu umepakana na maji. Ndege ikitua unaweza kudhani inaelekea kuvua.

Nilipofika ufukweni mkia tu ndio ulikuwa juu. Wavuvi walikuwa wameshatangulia na mitumbwi yao. Majaliwa Jackson, kijana wa miaka 20, alisimulia baadaye kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Kati ya watu 43, walipona 24. Marubani wote wawili walikufa.

Sisi wa nchi kavu tulipewa kamba. Tukavuta. Nani alituagiza, sijui. Mtu alipaza sauti, tukavuta, viganja vikachubuka. Katikati ya kuvuta nikakumbuka lile tundu, nikaogopa: je, na sisi tunawaua? Sikuiachia kamba, lakini sikuvuta tena kwa nguvu. Hilo sijamwambia mtu.

Majaliwa alizawadiwa shilingi milioni 1, akapewa na kazi Zimamoto. Nilifurahi, anastahili. Ila miaka 26 ilikuwa imepita tangu ile meli, na mtu wa kuajiriwa tulimwona baada ya ajali!

Mama alipiga simu jioni. Hakulia. Aliuliza, "Wamewatoboa?"

"Hapana, mama. Wamefungua mlango."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nirudi Muleba kwa basi, nikae upande usioonekana ziwa.