Kando ya Mfereji wa Oxford

Mtu akiutaja mji wa Oxford, wengi wetu huwaza vyuo vyake na minara yake, na walimu huikumbuka ile Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa na wachapaji wa Chuo Kikuu hicho mwaka 1939. Mambo hayo yastahili kuonwa, nami nimeyaona. Lakini leo nataka kuwachukua kwa miguu nje ya mji, upande wa kaskazini, kwa njia isiyo na kilima, ambayo hata mzee mwenye goti bovu aweza kuipita. Nalijua hilo kwa kuwa mzee wa namna hiyo ndiye aliyeniongoza. Alikuwa mwalimu wa shule miaka mingi, naye hutembea polepole akisimama penye kila daraja, kwa ajili ya goti na kwa ajili ya maneno.

Twalianza asubuhi ya mwezi wa Oktoba, ukungu ungali juu ya maji, penye daraja liitwalo Hythe Bridge. Hapo nalistaajabu, maana mfereji wakoma ghafula kama njia iliyofika ukutani. Zamani haukukoma hapo. Maji yaliendelea hata bandari ndogo ambamo makaa ya mawe yalishushwa. Mwaka 1937 mahali hapo palinunuliwa na Lord Nuffield, tajiri aliyepata mali kwa kuunda motokaa, na leo chuo chenye jina lake kimesimama palipokuwa na makaa na maji.

Mfereji huu si wa kunyweshea mashamba, ni wa kupitia vyombo. Kazi yake ilianza mwaka 1769 chini ya fundi James Brindley, ambaye alikufa mwaka 1772 asiuone mwisho wake. Ulichimbwa kwa mikono, kwa majembe na mikokoteni, maili 91 hivi tangu pande za Coventry penye machimbo ya makaa, ukafika Oxford siku ya kwanza ya mwaka 1790. Kabla ya hapo makaa yalizungushwa kwa bahari hata London, ndipo yakapandishwa mtoni, na maskini wa Oxford waliota baridi kuliko moto. Brindley hakupenda kupasua vilima. Alifuata usawa wa nchi, ndiyo sababu mfereji unapinda huku na huku kama njia ya ng'ombe wasio na haraka.

Mwendo wa dakika chache twalifika penye mlango wa maji uitwao Isis Lock, unaoushusha mfereji hata tawi la mto Thames. Ni chumba cha mawe chenye milango huku na huku. Maji hujazwa chumbani hata yalingane na mfereji, chombo huingia, mlango wa nyuma hufungwa, kisha maji hutolewa kidogo kidogo, na chombo hushuka pamoja nayo kama mtu ashukaye kitandani kwa uangalifu. Mama mmoja alikuwa akipita na mashua yake. Akaniomba nisaidie kusukuma boriti ya mlango. Nalisukuma kwa mikono, mlango usitikisike. Mzee akacheka, akasema, "Geuka, mwalimu, usukume kwa mgongo." Nikageuka, nao ukafunguka. Mashua ile ilikuwa na urefu wa futi 70 na upana wa futi 7 tu, na kati yake na ukuta haikubaki nafasi ya kupenya mkono.

Toka hapo njia yapita nyuma ya mtaa wa Jericho. Huonekana mnara wa Kanisa la Mtakatifu Barnaba, lililojengwa mwaka 1869 kwa fedha za Thomas Combe, msimamizi wa kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu, kwa ajili ya wafanya kazi wa mtaa huo. Lakini watu wa mashua walikuwa na nyumba yao ya sala hata kabla yake, nayo ilielea. Mwaka 1839 mfanya biashara mmoja wa makaa aliwapa kanisa lililofanyizwa katika mashua, likafungwa kando ya mfereji karibu na Hythe Bridge. Likatumika hata mwaka 1868, ndipo likazama. Mzee alinionyesha upande lilipokuwa, nami nikatazama maji nisione ila majani ya mierebi, miti ile tuisomayo katika Isaya.

Baada ya Jericho mji husahauliwa upesi. Upande mmoja ni bustani za nyumba zinazoshuka hata majini, upande wa pili ni vichaka na ndege. Njia yenyewe ni nyembamba, kwa kuwa haikufanywa kwa ajili yetu sisi wenye kutembea. Ilifanywa kwa ajili ya farasi. Farasi mmoja akivuta mzigo nchi kavu huchoka upesi, lakini juu ya maji yaliyotulia aliweza kuvuta tani 25 na zaidi. Kamba iliyolowa maji na kushika mchanga ilikwaruza pembe za madaraja mwaka baada ya mwaka, na katika baadhi yake ilikata mifuo katika tofali na chuma. Tia kidole chako humo, nacho kitazama.

Penye mifuo ya namna hiyo Mzee alisimama, akaniambia habari za nyumbani kwao.

Gari la moshi lilipofika Oxford mwaka 1844, nauli ya mizigo ilishuka. Manahodha wa mashua hawakuweza tena kulipa kodi ya nyumba na mshahara wa kijana wa kazi pamoja. Wengi wakawachukua wake zao na watoto wakawa ndio mabaharia. Chumba chao kilikuwa nyuma ya mashua, urefu wake futi 10 hivi, na humo walipika, wakalala, wakazaa. Nje walikipamba kwa picha za maua ya waridi na ngome. "Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa katika chumba cha namna hiyo," akasema Mzee, "akaolewa, akahamia kingine cha kadiri iyo hiyo. Alijua kila mlango wa maji toka Coventry hata hapa. Kusoma hakujua."

Haikuwa kwamba watu hawakulijali jambo hilo. George Smith wa Coalville, aliyebebeshwa udongo wa tofali tangu utoto wake, aliandika kitabu juu ya watu wa mifereji mwaka 1875, na mwaka 1877 ikatoka sheria ya kuandikisha kila mashua ikaliwayo, ili watoto wake wahesabiwe kuwa wa mji fulani na shule fulani. Ikaongezwa nguvu mwaka 1884. Walimu wataelewa upungufu wake pasipo kuambiwa. Mtoto huja shuleni Jumatatu. Jumanne alfajiri farasi amekwisha fungwa, na mtoto yuko maili kumi mbele. Shule haikuweza kumfuata, na mzigo haukuweza kumngoja.

Kama maili tatu toka mwanzo wa safari yetu tuliuacha mfereji, tukashuka kijijini Wolvercote. Hapo palikuwa na kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka 1998. Sasa nyumba zimejengwa mahali pake. Ndicho kilichofanya ile karatasi nyembamba ambayo Chuo Kikuu kiliitumia kuchapia Biblia zake tangu mwaka 1875, karatasi ambayo kitabu kizima chaingia mfukoni wala wino hauonekani upande wa pili. Makaa ya kiwanda yaliletwa kwa mashua.

Mzee akasimama kwa fimbo yake. "Bibi yangu aliyaleta," akasema. "Mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Makaa yakachemsha maji, kiwanda kikatoa karatasi, karatasi ikawa Biblia, naye hakuweza kusoma hata jina lake."

Nalimwuliza kama bibi huyo alilisikitikia jambo hilo. Akafikiri, kisha akajibu kwamba mwaka 1948 alikuwa mtoto wa miaka minane, na bibi alikuwa amekwisha hama majini, akikaa kwao. Kila jioni alimwita amsomee. Kabla ya kusoma aliichukua Biblia, akaushika ukurasa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akausugua. "Hii ni ya kwetu," alisema. Ndipo akampa mtoto asome.

Toka kijijini twalivuka mto Thames, tukayafikia magofu ya Godstow, nyumba ya watawa wa kike iliyofungwa mwaka 1539. Kuta chache zimebaki, na ng'ombe hupumzika kivulini mwake. Tarehe 4 Julai 1862 shemasi mmoja, mwalimu wa hesabu, Charles Dodgson, alipiga makasia toka mjini hata hapa pamoja na rafiki yake na watoto watatu wa kike, akawasimulia njiani hadithi ya msichana aliyeanguka katika shimo la sungura. Wengine wenu mmeisoma kwa lugha yetu, maana ilitolewa mwaka 1940 kwa jina la *Elisi katika Nchi ya Ajabu*.

Twalirudi kando ya mto. Ng'ambo yake ni Port Meadow, malisho mapana yasiyo na ua, ambayo haki ya wenyeji kulisha humo imeandikwa tangu kitabu cha hesabu ya nchi cha mwaka 1086. Wakati wa baridi mto huyafunika yakawa ziwa. Siku ile yalikuwa na tope tu, nalo latosha. Tulipovuka daraja la Medley na kukata malisho kuelekea Jericho, viatu vyangu vililowa hata vifundoni, nami nawashauri mwende na vilivyo imara zaidi.

Biashara ya makaa mferejini imekwisha. Sheria ya mwaka 1968 iliuweka mfereji huu kati ya ile itunzwayo kwa ajili ya matembezi, na mashua zilizofungwa kando yake leo ni nyumba za watu, wengine wakikaa humo kwa kupenda, wengine kwa kuwa nyumba za Oxford ni ghali mno. Jioni ile moshi ulikuwa ukipanda katika mabomba ya paa zao. Mbele ya moja wapo baiskeli ndogo tatu zilifungwa pamoja kwa mnyororo mmoja, na mfuko wa shule umetundikwa juu ya usukani wa mashua.